Ukku na hakku

Neno la kwanza la Kitelugu nililolielewa bila kufundishwa na mtu lilikuwa limeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu, karibu na makutano ya Kurmannapalem. Ilikuwa mwaka 2017. Nilikuwa na wiki tatu tu Visakhapatnam, mji wa pwani ya mashariki ya India, jimbo la Andhra Pradesh, ambao wenyewe huuita pia Visakha au Vizag, na maandishi ya Kitelugu bado nilikuwa nayaona kama bangili zilizomwagwa mezani, duara juu ya duara. Nikamwuliza mwenzangu wa darasa pale pameandikwa nini. Akasoma polepole, kidole kikifuata herufi hewani: Visakha ukku, Andhrula hakku. Hakku ndiyo nini? Kabla hajafungua mdomo nikajijibu mwenyewe: haki. Akanigeukia kwa mshangao kana kwamba nimemsoma kiganja.

Haki ile ile. Neno lilitoka kwa Waarabu, kwao likapitia Kiurdu, kwetu likaja na majahazi, na tukakutana nalo kwenye ukuta wa kituo cha basi. Ukku ndilo nililohitaji kuelezwa. Ni chuma, ila si chuma cha hivi hivi. Ni kile kigumu, pua, ambacho wazee wa pwani yetu walikiita feleji. Wazungu walipoanza kuandika habari za chuma cha kusini mwa India walikiita wootz, na wataalamu wengi wanalirudisha jina hilo kwenye hilo hilo ukku. Kwa hiyo ukuta ulikuwa unasema: chuma cha Visakha ni haki ya watu wa Andhra. Nyuma ya ukuta, kilomita kadhaa kuelekea baharini, ndipo kilipo kiwanda chenyewe.

Nimeulizwa mara nyingi tangu nirudi nyumbani kwa nini nikipishana na lori la nondo nageuza shingo, na kwa nini habari za kiwanda cha serikali ya watu wengine zinaninyima usingizi. Leo nakaa niandike.

Mimi ni Mpare wa Ugweno, na kwa upande wa baba ni Mshana. Anayetujua hahitaji maelezo: Washana ni wahunzi. Babu yangu hakuwahi kuyeyusha jiwe. Kufikia enzi zake walikuwa wanafua springi za magari kuwa mapanga na majembe. Mivukuto ya ngozi alikuwa nayo, na fuawe lake lilikuwa kipande cha reli. Lakini ukilima shamba lake, jembe linagonga mavi ya chuma: vipande vyeusi, vizito, vyenye vitundu kama mkate uliochachuka. Alikuwa anavikusanya kandokando ya njia na kutuambia kwamba hayo ni makombo ya babu zake, waliokuwa wakipika jiwe kwa makaa na upepo. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Al-Idrisi, katika karne ya 12, aliandika habari za chuma cha pwani ya Sofala kununuliwa na kupelekwa India, ambako kilifuliwa panga. Nilikuwa nimekaa maktaba ya Chuo Kikuu cha Andhra nilipoisoma sentensi hiyo. Nilifunga kitabu nikatoka nje, nikakaa chini ya mti mpaka moyo ukatulia.

Basi, kiwanda. Kwa jina la kampuni ni Rashtriya Ispat Nigam, mali ya serikali ya India, lakini mjini hakuna anayeliita hivyo. Ni Vizag Steel, au “Steel Plant” tu, hata makondakta wa basi ndivyo wanavyoita. Kiko kama kilomita 25 kutoka katikati ya mji, na mji wake wa wafanyakazi unaitwa Ukkunagaram, yaani mji wa chuma. Ni kiwanda kamili. Nikisema kamili nina maana kinaanza na jiwe na kuishia na nondo, hatua zote ndani ya ukuta mmoja: kuoka makaa ya mawe yawe koki, kuyeyusha mawe ya chuma, kugeuza chuma ghafi kuwa pua, kumimina, kuviringisha. Na ndicho cha kwanza cha namna hiyo India kujengwa ufukweni. Vile vilivyotangulia, Bhilai, Rourkela, Durgapur, Bokaro, vilijengwa bara, karibu na migodi na makaa.

Kwa nini ufukweni? Kwa sababu makaa ya mawe yanayofaa kutengenezea koki nzuri ni haba India, sehemu kubwa inaletwa kwa meli, mengi kutoka Australia. Ukikaa kando ya bandari, unapunguza safari. Mwaka 1965 wataalamu wa Uingereza na Marekani walioombwa ushauri walipendekeza Visakhapatnam. Halafu serikali kuu ikaanza kusitasita, na minong'ono ikaenea kwamba kiwanda kitapelekwa jimbo lingine.

Hapo ndipo ukuta ule ulipoandikwa kwa mara ya kwanza, kwa maana ya moyoni. Oktoba 1966 mtu mmoja, T. Amrutha Rao, aliweka mgomo wa kula akidai kiwanda. Wanafunzi wakaingia barabarani, kuanzia chuo kile kile nilichosoma mimi. Polisi wakafyatua risasi, Visakhapatnam na miji mingine ya jimbo, na hesabu inayotajwa hadi leo ni watu 32 waliouawa. Wabunge wakajiuzulu. Aprili 1970 Waziri Mkuu Indira Gandhi akatangaza bungeni kwamba kiwanda kitajengwa, na Januari 1971 akaweka jiwe la msingi. Halafu kimya. Miaka ikapita, fedha hakuna, jiwe limekaa peke yake kwenye mchanga. Makubaliano na Muungano wa Kisovyeti ya kusaidia ujenzi yalitiwa saini 1979, kampuni yenyewe ikaundwa 1982, tanuru la kwanza likawashwa 1990, na Agosti 1992 Waziri Mkuu P. V. Narasimha Rao akakikabidhi rasmi kwa taifa. Hesabu mwenyewe: aliyekuwa na miaka ishirini siku ya risasi alikuwa na arobaini na sita siku ya sherehe.

Niliingia ndani Desemba 2019, mafunzo ya vitendo ya wiki nne. Siku ya kwanza hatukuona moto wowote. Tulipewa helmeti na viatu vizito, tukakalishwa darasani kuelezwa namna ya kutokufa. Kitu walichokirudia mpaka tukachoka ni gesi ya tanuru. Sehemu kubwa ya sumu yake ni monoksidi ya kaboni, haina harufu, haina rangi. Mwenzako akianguka mbele yako usimkimbilie, kwa sababu utaanguka juu yake. Unarudi nyuma, unaita watu wenye mitungi ya hewa. Mwalimu aliyetufundisha alikuwa hatabasamu. Nilimpenda kwa hilo.

Siku ya pili tulipelekwa kwenye matanuri ya koki. Yamepangwa kama vitabu kwenye rafu, kila moja jembamba, refu kwenda juu mita 7, na kiwanda hiki ndicho kilichotangulia India kuwa na marefu kiasi hicho. Makaa ya mawe yanafungiwa humo bila hewa, joto linapita nyuzi 1,000, kwa saa nyingi kama safari ya basi ya Dar kwenda Mwanza. Hayaungui, kwa kuwa hewa haipo. Yanaokwa, yanatoka moshi na lami na gesi, yanabaki magumu yenye vitundu. Ukifika wakati, mtambo unabandua mlango, na upande wa pili mkono wa chuma unasukuma. Unaona ukuta mzima wa rangi ya embe bivu ukisimama nusu sekunde, kisha unabomoka ndani ya behewa. Joto linakufikia kabla ya sauti. Nilijikuta nimeshika mkono wa mtu nisiyemjua.

Kwenye viwanda vingi ukuta ule ungemwagiwa maji na mvuke ungepaa bure angani. Hapa koki inapozwa ndani ya chumba kilichofungwa, kwa gesi ya naitrojeni inayozungushwa, na joto linalotolewa linachemsha maji, mvuke unazungusha mitambo ya umeme. Hata shinikizo la gesi inayotoka juu ya tanuru linazungusha mtambo wa umeme. Bibi yangu, ambaye maji ya kuoshea mchele aliyapeleka kwa ng'ombe, angewaelewa watu hawa mara moja.

Halafu tanuru lenyewe. Yapo matatu na yote yana majina. La kwanza ni Godavari, la pili Krishna, mito miwili mikubwa ya jimbo. La tatu, lililokuja na upanuzi mwaka 2012, ni Annapurna, mungu wa kike wa Wahindu anayegawa chakula. Nilidhani ni mapambo tu. Mzee aliyekuwa anatuongoza, ambaye nitamwita babai kama nilivyokuwa namwita, neno lao la baba mdogo, aliniambia, akiniita amma, yaani mama, kwa upendo: “Amma, tanuru si mashine. Mashine unazima unaenda nyumbani. Hili linakula.” Na ni kweli. Godavari lilijengwa likiwa na ujazo wa mita 3,200 za ujazo. Linalishwa kwa juu, tabaka la koki, tabaka la mawe ya chuma na sinta, yaani vumbi la mawe hayo lililookwa likashikana, usiku na mchana, na chini linapuliziwa hewa moto ya nyuzi zaidi ya 1,000. Tani moja ya chuma inataka takriban tani moja na nusu ya mawe na zaidi, na koki kama nusu tani. Ukiacha kulilisha, kilichomo ndani kinaganda. Kuligandua ni kazi ya wiki na miezi, pengine kwa baruti.

Tulisimama kwenye sakafu ya kutolea chuma siku wanatoboa Godavari. Nimejaribu kuieleza siku hii kwa watu wengi na sijawahi kuridhika. Kuna tundu moja, chini ubavuni, limezibwa kwa udongo maalumu. Mtambo wa kutoboa unasogea, unaanza kukereza, moshi wa njano unatoka, wanaume wawili wenye makoti ya rangi ya fedha wanarudi hatua. Kwa muda hakuna kitu. Kisha cheche, si nyingi, kama mtu anayenoa kisu. Kisha mto. Hauchuruziki kama uji, ni mwepesi kama maji, na unang'aa kiasi kwamba kila kitu kingine kinakuwa cheusi, hata nyuso. Unapita kwenye mfereji uliotandikwa mchanga, na mbele kidogo kuna kizuizi: chuma kizito kinapita chini, mavi yake mepesi yanaelea na kukatwa kwenda njia nyingine. Chuma kinashuka kwenye mabehewa marefu yenye umbo la samaki, kuelekea sehemu ya kutengeneza pua. Mavi yanapigwa na maji, yanakuwa kama mchanga, na yanauzwa viwanda vya saruji.

Jamaa mmoja aliingiza bomba la karatasi lenye kipima joto kwenye mto ule, likasoma karibu 1,500, likaungua, akalitupa. Kisha babai akachota kwa kijiko kirefu, akamimina kwenye kalibu ndogo, akainamia kutazama cheche. Maabara ingempa majibu baadaye kidogo, lakini yeye alishasema: “Silikoni iko chini leo.” Nikamwuliza ameonaje. Cheche zikiwa nyingi na zinapasuka ovyo, silikoni ni kidogo. Zikiwa chache na tulivu, ni nyingi. Karatasi ya maabara ilipokuja, hakuitazama. Niliitazama mimi.

Babu yangu naye alikuwa na namna hiyo, akiinamia makaa na kusema “bado” au “toa”, bila kipimo chochote.

Baada ya hapo ni konveta, ambako oksijeni safi inapulizwa kwa nguvu juu ya chuma ghafi kwa takriban robo saa ili kuunguza kaboni. Kelele yake ni ya ndege inayopaa. Halafu kumimina, kukata, kuviringisha. Kiwanda hiki hakitengenezi bati wala mabamba ya meli. Ni nondo, waya, vyuma vya pembe na vya chaneli. Nilivutiwa na waya, unavyokuja mwekundu kwa kasi na kujikunja vitanzi kama nyoka anayejilaza. Lakini nirudi kwenye haki.

Babai alizaliwa ndani ya eneo ambalo sasa ni kiwanda. Si karibu, ndani. Vijiji zaidi ya 60 vilihamishwa, maelfu ya familia, ekari zaidi ya 20,000, mashamba ya mpunga, mikorosho na minazi. Fidia ya ardhi kwa bei za miaka ile ilikuwa ndogo mno, na kilichowatuliza watu kilikuwa kadi ya mhamishwa iliyotoa matumaini ya ajira, kadi moja kwa kila familia. Babai aliipata kazi kwa kadi ya baba yake. Ndugu na majirani zake wengi hawakuipata, na hadi mimi naondoka kulikuwa na wazee wenye kadi zile wamezihifadhi kwenye mifuko ya plastiki, zimekwisha kingo. Jumapili moja alinipeleka Appikonda, ufukweni nyuma ya kiwanda, kwenye hekalu la kale la Shiva, Someswara. Njia inapita kandokando ya ukuta. Mahali fulani alisimamisha pikipiki akaelekeza kidevu upande wa mabomba: “Kisima chetu.” Hakuongeza neno. Mimi pia nilinyamaza.

Ninachotaka kieleweke ni hiki. Watu hawa walitoa roho 1966, wakatoa ardhi, wakangoja miongo miwili. Wakapata kiwanda kizuri. Ila kitu kimoja hawakupewa: mgodi. Viwanda vingine vikubwa vya serikali vina migodi yao ya chuma. Kinachochimbwa kinaingia tanuruni kwa gharama ya kuchimba. Vizag Steel inanunua mawe yake sokoni, hasa kutoka Bailadila, milima ya Chhattisgarh, kwenye migodi ya kampuni nyingine ya serikali hiyo hiyo.

Njia ya reli inayoleta mawe hayo niliipanda. Inaanza Kothavalasa, nje kidogo ya Visakhapatnam, inapanda milima ya Ghats ya Mashariki, mahandaki kwa makumi, mpaka Kirandul. Wanafunzi tunaipenda kwa sababu inapita Borra penye mapango, na Araku penye kahawa na baridi. Ilijengwa miaka ya 1960 kwa ushirikiano na Wajapani, ili mawe ya chuma yateremke bandarini na kupelekwa Japani. Fikiria wakati huo: miaka ile ile ambayo vijana wanapigwa risasi kwa kudai kiwanda, reli ya kupeleka mawe ya milima ile ng'ambo inakamilishwa. Tulisimamishwa kwenye kituo kimoja cha mlimani kupisha treni ya mizigo. Behewa baada ya behewa, zote na vumbi jekundu, injini mbele na nyuma. Mtoto kwenye kiti cha mbele yangu alikuwa anazihesabu kwa Kitelugu, nikahesabu naye mpaka nilipokwama, kwa sababu sikuwa najua namba kupita ishirini. Vumbi liliingia dirishani, nikajifuta, kiganja kikawa na rangi ya udongo wa Ugweno.

Kwa hiyo bei ya mawe ikipanda duniani, kiwanda chenye mgodi kinatabasamu na kisicho na mgodi kinatokwa jasho. Ongeza makaa ya Australia ya kununua kwa dola. Ongeza mikopo ya upanuzi, wa kutoka tani milioni 3 kwa mwaka hadi milioni 6.3 na kisha 7.3. Sisemi ndani hakuna uzembe. Hakuna mahali pa watu maelfu pasipo na uzembe, na deni lilikuwa kubwa kweli. Ninachosema ni kwamba ukimwambia mtu apike kila siku, shamba hukumpa, na sokoni unamwuzia wewe mwenyewe, basi kabla hujamwita mfujaji, kaa naye mpige hesabu pamoja.

Tarehe 27 Januari 2021 kamati ya baraza la mawaziri la India iliidhinisha kuuza hisa zote za serikali kwenye kiwanda hiki, asilimia 100. Nilikuwa Visakhapatnam bado, mwaka wa mwisho. Habari ilitoka, na kesho yake mji ulikuwa na sauti nyingine. Vyama vya wafanyakazi ambavyo kwa kawaida haviketi meza moja viliketi. Februari wakajenga banda Kurmannapalem, chini kabisa ya ule ukuta wangu, wakaanza kufunga kwa zamu: kila siku kundi jingine la wafanyakazi linakaa bila kula, jioni wanakabidhiana. Nilikwenda na babai siku ya zamu ya idara yake. Nilikaa pembeni, mgeni hapaswi kujipenyeza, lakini mama mmoja alinivuta mkono akanikalisha kwenye mkeka wao. Alikuwa mke wa kibarua. Aliniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Tanzania aliuliza kama na sisi tuna kiwanda cha chuma cha serikali.

Nilimweleza Liganga. Kwamba tuna mlima wa mawe ya chuma Ludewa, na makaa ya mawe Mchuchuma jirani yake, na kwamba nimeisikia habari ya mradi huo tangu nikiwa mtoto. Akafikiri. “Basi nyinyi mna mgodi bila tanuru,” akasema, “na sisi tuna tanuru bila mgodi.” Kisha akacheka na kunipa maji, mimi ambaye sikuwa nimefunga.

Miezi miwili baadaye lilikuja lile wimbi la pili la Korona. Walioishi India Aprili 2021 hawahitaji kukumbushwa, na wengine sitaweza kuwaeleza. Hosteli yetu ilifungwa geti. Binti wa chumba cha pili, kutoka Msumbiji, alikuwa na homa kali, na sote tulikuwa tunasikiliza pumzi yake ukutani usiku. Oksijeni lilikuwa neno la kila simu. Na hapo ndipo nilipokumbuka konveta. Kiwanda kamili cha chuma kina mtambo wake wa kutenganisha hewa, kwa sababu bila oksijeni safi hakuna pua. Mtambo ule ule unatoa oksijeni ya kimiminika ya hospitali. Tarehe 22 Aprili treni ya kwanza ya oksijeni ilitoka Vizag Steel: malori saba ya tangi yamepandishwa juu ya mabehewa, yamejazwa, yanakwenda Maharashtra ambako watu walikuwa wanafia mapokezi. Babai alinitumia video fupi. Haina maelezo, ni taa za treni usiku na watu wenye helmeti wamesimama kimya kandokando ya reli, mmoja ameweka mkono kifuani. Kiwanda kilichokuwa kimetangazwa kuuzwa. Wale wale waliokuwa wanafunga bandani, zamu ikiisha wanarudi kujaza matangi.

Binti wa Msumbiji alipona. Mimi niliondoka Agosti.

Baada ya hapo nimekuwa nafuatilia kwa mbali, kwa simu. Banda halikuondoka, siku zao walizihesabu kwenye ubao, mia, mia tano, elfu na kupita. Hakuna aliyenunua. Lakini kiwanda kisichouzwa na kisicholishwa kinadhoofika, na mwaka 2024 ulifika wakati ambapo kati ya matanuru matatu lilikuwa linawaka moja tu, kwa kukosa makaa na fedha za kuyanunua. Babai alikuwa ameshastaafu. Aliniandikia siku hiyo kwa Kiingereza chake cha mkato: Annapurna amelala. Nilikuwa kazini, kwenye karakana, nikaenda stoo nikakaa.

Januari 2025 serikali kuu ikaidhinisha fedha za kukifufua, rupia bilioni 114.4. Si suluhisho la yote. Mgodi bado hakuna, vibarua wengi wamepunguzwa, na neno la kuuza halijafutwa kwa maandishi. Ila matanuru yamerudishwa moja baada ya jingine, na katikati ya 2025 la tatu likawashwa.

Babai hakuwepo ndani siku hiyo, wastaafu hawaingii. Alipanda kwenye paa la nyumba ya mwanawe Gajuwaka, jioni, akapiga simu ya video. Picha ilikuwa mbaya, giza na nukta nukta. Nilimwambia sioni kitu, babai. Akasema subiri, amma, wanatoboa sasa hivi. Tukasubiri, yeye juu ya paa lake na mimi jikoni kwangu na sufuria jikoni. Halafu upande wa kushoto wa kioo, juu ya vilima vyeusi, anga likaanza kuwa na rangi ya embe.